Muuzaji anasema i7 inaipita Ryzen 5. Nibadilishe mashini?

SWALI: Yaya fundi, jambo. Niko Bel-Air, hapa Lubumbashi. Nacheza Fortnite na EA Sports FC, na jioni nawarushia wenzangu laivu kwa OBS, programu ya kurusha video. Mashini yangu ina Ryzen 5 2600, madabodi ya B450, RAM ya GB 16 (kipande kimoja) na kadi ya grafiki GTX 1660 Super. Nikicheza bila laivu, kila kitu kinaenda sawa. Nikianza kurusha, mchezo unakwamakwama, na watazamaji wanasema picha inaganda. Muuzaji mmoja wa mjini anasema prosesa imechoka: nimpe mashini yangu, niongeze dola 280, anipe mashini ya okazioni (iliyokwisha kutumika) yenye Core i7-4770, kwa sababu i7 iko juu ya 5. Nikubali?

JIBU: Hapana, mdogo wangu. Usimpe.

Kabla ya prosesa, isome tena barua yako. Umetaja prosesa ya hiyo mashini yake, lakini kadi ya grafiki hukuitaja, bila shaka kwa sababu naye hakuitaja. Ukimwachia mashini yako, 1660 Super inabaki dukani kwake, na wewe unarudi Bel-Air na Intel HD Graphics 4600, ile iliyomo ndani ya i7-4770. Fortnite itafunguka, ndiyo, lakini utacheza huku fremu (picha zinazopita kila sekunde) zinahesabika kwa vidole. Wala usidhani utachomoa kadi yako na kuihamishia kule. 1660 Super inadai waya wa pini 8 kutoka kwenye pawasaplai, na mashini nyingi za ofisi za kizazi kile waya huo hazina.

Sasa hili la "i7". Haipiti wiki bila mtu kuniwekea mezani mashini iliyomchosha na kuniambia, "Lakini fundi, ni i7!" Kibandiko kile cha bluu kimewatoa watu pesa hapa mjini kuliko hitilafu yoyote ninayoijua. i7 ni cheo ndani ya kizazi kimoja cha prosesa za Intel, basi. Kapiteni wa timu ya mtaa wa Katuba na kapiteni wa Mazembe wote wanavaa kitambaa mkononi, lakini hakuna anayewapanga uwanjani kwa kuangalia kitambaa.

Core i7-4770 ilitoka mwaka 2013. Ina viini 4 (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa) na nyuzi 8 (kazi inazoshika kwa pamoja), na inatumia RAM ya DDR3, ya kizazi cha nyuma. Ryzen 5 2600 yako, ya AMD, ilitoka 2018. Ina viini 6 na nyuzi 12, na inatumia DDR4. Yaani huyo bwana anataka umwongezee pesa ili akurudishe nyuma miaka 5. Tena i7-4770 haimo kwenye orodha ya prosesa ambazo Microsoft inazikubali kwa Windows 11, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tangu Oktoba 2025.

Ukitaka kujua prosesa ya Intel ni ipi hasa, soma namba iliyo baada ya kistari. 4770 ni kizazi cha 4, na 12100 ni cha 12. Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina viini 4 na nyuzi 8, sawasawa na ile i7 ya muuzaji wako, lakini kila kiini chake kinafanya kazi nyingi zaidi kwa sekunde, na kwenye mchezo inaiacha mbali. Hiyo ni i3. Soma pia herufi ya mwisho. Core i7-7500U, iliyojaa kwenye laptopu za okazioni, ina viini 2 tu, kwa sababu U ni prosesa iliyotengenezwa itumie umeme kidogo, wati 15. Mtu ananunua "laptopu ya i7 ya michezo", akifika nyumbani inashindwa na kompyuta ya mdogo wake yenye i5-8400, ambayo ina viini 6.

Turudi kwako. Umesema bila laivu mchezo unaenda sawa, na hapo umejijibu nusu. Prosesa inautosha mchezo. Kinachoongezeka ukianza kurusha ni kazi ya kubana video, na kazi hiyo unaweza kumpa mwingine. Fungua OBS, nenda kwenye setingi za Output, uangalie enkoda, yaani kinachobana video. Ukikuta x264, inayotumia prosesa, na ningeweka dau kwamba ndiyo utakayoikuta, basi prosesa yako inacheza na kubana picha kwa wakati mmoja. Weka NVENC H.264. Hiyo ni sehemu maalumu ndani ya kadi ya NVIDIA inayobana video peke yake, bila kuigusa sana prosesa wala uwezo wa mchezo. Kwenye 1660 Super ni ile ya kizazi cha Turing, nzuri kabisa, na kwa mtazamaji wa simu haishindwi na x264 ya "veryfast" ambayo OBS huanza nayo. Gharama yake ni kubofya mara mbili. Hakuna muuzaji atakayekuambia, maana hapati kitu.

(Si kila kadi inayo, na hapo pia watu wanaumia. GT 1030 haina enkoda hiyo kabisa, ingawa ni ya NVIDIA. Upande wa AMD, RX 6400 na RX 6500 XT nazo hazina enkoda ya video. Zinauzwa kama "kadi za streaming". Na ukitaka kutumia enkoda ya Intel, Quick Sync, usinunue prosesa yenye herufi F mwishoni, kwa sababu haina grafiki ndani.)

Baada ya kubadilisha, rusha jaribio la dakika 10 ukiwa umefungua dirisha la Stats la OBS. Kuna hesabu 3 pale, na kila moja inakutuma mahali tofauti. Fremu zilizokosekana kwa "rendering lag" maana yake kadi ya grafiki imezidiwa: weka kikomo cha fremu ndani ya mchezo, 60 au 75, kadi ipate pumzi, na ufungue OBS kama administrator ili Windows iipe nafasi. Fremu zilizorukwa kwa "encoding lag" maana yake enkoda imezidiwa, na kama enkoda yenyewe ni x264 basi ndiyo prosesa. Ya tatu, "dropped frames", ni intaneti. Ni intaneti tu. Hata ukifunga prosesa ya dola 500, namba hiyo haishuki hata kidogo.

Na watazamaji wako wanasema picha inaganda. Hilo linaninusia intaneti zaidi kuliko kitu kingine. Mchezo kukwama kwako na picha kuganda kwao huenda ni magonjwa mawili, na muuzaji ameyatibu yote kwa dawa moja. Jioni, kila mtu akiwa kwenye 4G, kasi ya kupakia inapanda na kushuka. Usiangalie namba kubwa ya kupakua unapopima, angalia ya kupakia, tena pima saa ileile unayorusha. Ukiona inashuka hadi megabiti 4 kwa sekunde, usirushe kilobiti 6,000 za Twitch. Weka kilobiti 2,500 na picha ya 720p. Mfuko wako nao utashukuru: kilobiti 2,500 kwa sekunde ni kama GB 1.1 kwa saa, na 6,000 ni GB 2.7.

RAM. Kipande kimoja cha GB 16 kinatumia njia moja kati ya njia 2 ambazo prosesa yako inazo za kufikia memori, na Ryzen za kizazi chako zinalisikia hilo sana. Tafuta kipande cha pili kinacholingana. Kwenye madabodi yenye nafasi 4, weka ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kisha ingia BIOS (programu ya madabodi inayoamsha mashini) uwashe XMP, inayoipa RAM kasi iliyoandikwa juu yake. Bila hiyo, RAM iliyoandikwa 3200 inaweza kuwa inatembea 2133 tangu siku ulipoinunua.

Ukimaliza hayo na bado mchezo unakwama, hapo ndipo tuzungumze prosesa, na habari njema ni kwamba madabodi yako inakubali. B450 inabeba Ryzen za mfululizo wa 5000 baada ya kusasisha BIOS. Nunua Ryzen 5 5600. Ina viini 6 kama yako na wati 65 kama yako, lakini 2600 imegawanya viini vyake makundi 2 ya 3, kila kundi na kashe yake (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 8, wakati 5600 ina viini vyote 6 pamoja juu ya MB 32. Mchezo unapenda hivyo. Ukiwa na pesa zaidi, 5700X ina viini 8, ila haiji na feni.

Upande huu wa Ryzen pia kuna mtego wa majina. Ryzen 5 5500, Ryzen 5 5600G na Ryzen 7 5700 isiyo na X zote zina kashe ya MB 16 tu. Muuzaji atakuambia "ni 5700 hiyohiyo". Si hiyohiyo. Dai X uione kwa macho kwenye chuma cha prosesa.

Na BIOS: isasishe kabla ya kuitoa 2600, la sivyo utawasha mashini uone kiza. Pakua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa jina kamili la madabodi yako, pamoja na namba ya toleo iliyochapwa kwenye kona yake. Usifanye kazi hiyo bila onduleri yenye betri inayoshika. Umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ukikatika katikati ya kuandika BIOS, madabodi inakufa palepale, na nyingi za B450 hazina kitufe cha kuifufua. Wanaoletewa maiti za namna hiyo ni sisi, na kila mara mwenye mashini anasema delestaji (mgao wa umeme) ya mtaa wao huwa saa nyingine.

Siku ya kubadilisha, kwanza cheza kama dakika 10 ili krimu iliyo juu ya prosesa ilainike. Zima, chomoa waya, fungua feni, uizungushe taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukiivuta moja kwa moja, prosesa ya AM4, yaani ya soketi kama yako, inang'oka nayo hata kama kishikio kimefungwa, na pini zilizo chini yake zinalala. Mara nyingi utaziona kwenye kona, pini 4 au 5 zimeinama upande mmoja. Mafundi wa haraka hawana subira ya dakika 10, halafu wanakwambia ulileta prosesa mbovu.

Na hao mafundi wa haraka sasa wamejaa hadi kwenye vikundi vya WhatsApp. Mmoja anafundisha watu kufungua msconfig (setingi za kuwasha Windows) na kuweka alama kwenye idadi ya prosesa "ili viini vyote viamke". Viini vyote viko macho tangu Windows ilipowaka. Kisanduku kile ni cha kuweka kikomo, na nimeshaona mashini ya viini 6 ikitembea kwa 2 kwa sababu mtu aligusa namba isiyo yake. Mwingine anauza Xeon E5-2680 v4 za seva: viini 14, nyuzi 28, watu wanatoa macho. Ni prosesa ya 2016 ambayo kasi yake ya juu kabisa ni GHz 3.3. Kwa kazi za kuchakata video si mbaya, lakini mchezo unaegemea viini vichache vyenye kasi, na vile vingine vinakaa kutazama.

Wabaya kabisa ni wanaobadilisha jina. Ukurasa wa System wa Windows unasoma jina la prosesa kutoka kwenye rejista (hifadhi ya setingi za Windows), na mtu yeyote anaweza kuandika pale "Core i9". Windows hulirudisha jina la kweli kila inapowaka, kwa hiyo mjanja anaficha faili dogo linaloliandika upya kila mara. Ukienda kununua, hapo mjini au kwa wale wanaoleta mzigo kupitia Kasumbalesa, beba CPU-Z, programu ya kuitambua prosesa, kwenye flashi yako mwenyewe. Inamuuliza chuma chenyewe, haisomi rejista. Usitumie ile utakayoikuta imeshawekwa ndani ya mashini, na mwombe muuzaji aiache iwake angalau nusu saa mbele yako, mchezo ukiendelea, uone joto linafika wapi.