Kuunda meli ndogo za mbao: kazi yote iko kwenye mataruma

Baba yangu alikuwa mkalafati. Utotoni mwangu Tanga nilizoea kumwona amechuchumaa ubavuni mwa jahazi lililopandishwa ufukoni, anapigilia pamba kwenye viungo vya mbao kwa patasi butu na nyundo, akimaliza anapaka sifa, yaani mafuta ya samaki. Kazi ile sikuirithi. Nilisoma, nikasafiri, na huu ni mwaka wa kumi na moja nakaa Halifax, Kanada, ambako baridi humfungia mtu ndani kwa miezi. Baridi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye meli ndogo za mbao, zile zinazouzwa kwa seti: boksi lenye vipande vya plaiwudi vilivyokatwa tayari, vijiti vyembamba vya mbao, nyuzi, vyuma vidogo na michoro. Jamaa kadhaa wa nyumbani wameniuliza waanzeje, kwa hiyo nayaweka hapa yote niliyokuwa nikimjibu mmoja mmoja.

La kwanza: usianze na manowari. Mimi nilianza na HMS Victory, meli ya Waingereza iliyoshushwa majini mwaka 1765, mizinga 104, milingoti mitatu. Niliichagua kwa sababu ya picha ya kwenye boksi. Baada ya miezi saba nilikuwa na mkuku (uti wa chini wa meli) uliopinda, mataruma, yaani mbavu zake, yaliyokaa upande, na mbao sita zilizokataa kukutana omoni, kule mbele. Maelekezo yalikuwa kurasa chache zilizotafsiriwa vibaya, na mengi hayakuelezwa kabisa kwa sababu mwandishi wake alidhani msomaji ameshaunda meli nyingine kabla ya hiyo. Nilifunga boksi nikaliweka chini ya kitanda, na kwa karibu mwaka mzima sikutaka kuligusa.

Kilichonirudisha ni dori. Dori ni mashua ndogo ya wavuvi wa pwani hii, sakafu bapa, mbavu zimefunguka kuelekea juu. Kuna seti ya kampuni ya Model Shipways ya Marekani ya dori ya Lowell, karakana ya mashua iliyoko Amesbury, Massachusetts, tangu mwaka 1793. Skeli yake, yaani kipimo cha udogo ukilinganisha na chombo halisi, ni 1:24, vipande ni vichache na vikubwa vya kushikika, na maelekezo yanakwenda hatua kwa hatua. Kwenye dori nilijifunza kupinda ubao, kuunganisha ubao na ubao, na kuupa ukingo mlazo unaotakiwa. Makosa yake ni ya kipande kimoja. Ukikosea unakata kingine jioni hiyo hiyo. Kwenye manowari, kosa la mwezi wa kwanza unalikuta mwezi wa sita, na wakati huo limeshazikwa chini ya mbao ishirini.

Baada ya dori nikaingia kwenye Bluenose, na hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni skuna, meli ya matanga, ya milingoti miwili, iliundwa Lunenburg, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka ninapokaa, ikashushwa majini Machi 1921. Ilikuwa chombo cha kuvua samaki na cha mashindano kwa pamoja: ilikwenda kwenye maji ya kina kifupi ya Grand Banks kuvua, na ilishindana mbio na skuna za Wamarekani. Picha ya skuna yenye matanga yote imo kwenye sarafu ya senti kumi ya Kanada tangu 1937. Bluenose yenyewe iligonga mwamba karibu na Haiti mwaka 1946 ikazama. Nilipoikuta historia hii niliielewa haraka, maana ni habari za watu wanaotoka asubuhi kwenda kuvua, kama za Deep Sea au Sahare kwetu Tanga. Dori zao walizibeba sitahani, wanatoa vikalio vyake na kuzipanga moja ndani ya nyingine kama sufuria za dukani.

Ushauri wangu basi ni uchague chombo ambacho hadithi yake inakugusa, lakini ukifikie kwa ngazi. Na kabla ya kulipa, soma skeli. Skeli ya 1:64 maana yake mtu wa sentimita 170 anakuwa milimita 26 na ushee, na Bluenose ya mita 43.6 inakuwa kiwiliwili cha sentimita 68, bila kuhesabu mti uliotokeza mbele. Pima meza yako. Pima na macho yako pia. Ukiwa unavaa miwani ya kusomea, skeli ya 1:100 na kuendelea itakuchosha kwenye kamba.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Seti nyingi zina mkuku wa plaiwudi wenye mianya, na ndani ya mianya hiyo unachomeka mataruma, ambayo nayo ni vipande vya plaiwudi vyenye umbo la meli ukiikata kama mkate. Laza mkuku juu ya kioo kabla hujafanya lolote. Plaiwudi iliyokaa ghalani hupinda, na mkuku ukipinda milimita mbili tu meli nzima itatazama pembeni. Ukiona umepinda, ulowanishe kidogo, ubane kati ya mbao mbili zilizonyooka, uuache siku mbili tatu mpaka ukauke. Halafu chomeka mataruma yote bila gundi. Yote. Tazama kutoka omo hadi tezi, mbele hadi nyuma, kama mtu anayenyoosha mshale, ndipo uanze kubandika moja moja, kila moja likishikiliwa pembe mraba pande zote mbili. Mimi natumia matofali ya Lego ya mwanangu, kwa sababu pembe zake ni sawa kabisa na hayagandi na gundi nyeupe.

Hatua inayofuata ndiyo wengi wanairuka, na mimi niliiruka kwenye Victory. Kingo za mataruma zikitoka kwenye boksi ziko wima. Lakini mbao za ubavuni zinapokaribia omo zinapinda kuingia ndani, kwa hiyo ubao ukipita unagusa ncha tu ya kila taruma. Inabidi kila ukingo uulaze kwa msasa mpaka ubao ulale juu ya upana wake wote. Bandika msasa wa namba 120 kwenye ubao mwembamba unaopindika, kama rula ya plastiki, upitishe juu ya mataruma matatu manne kwa wakati mmoja, kamwe usisugue moja peke yake. Kila baada ya dakika chache chukua kijiti kirefu cha mbao, kilaze ubavuni, uangalie kwa taa iliyo nyuma yake. Mahali mwanga unapopenya pana bonde. Mahali kijiti kinapoinuka pana kilima. Kwenye Bluenose nilikaa na hatua hii wiki tatu, saa moja kila jioni, na sijutii hata dakika moja. Omoni jaza nafasi kati ya mataruma mawili ya kwanza kwa vipande vya mbao laini ya balsa, uvichonge, ili mbao zako zipate pa kulala mahali zinapopinda zaidi.

Kubandika mbao ni hesabu kabla ya kuwa ufundi. Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye taruma pana kuliko yote, kutoka ukingo wa sitaha hadi kwenye mkuku. Tuseme umepata milimita 120 na ubao wako una upana wa milimita 5: unahitaji mbao 24 kila upande. Omoni ukipima kwa njia ile ile unapata milimita 84. Gawa kwa 24, jibu ni 3.5. Basi kila ubao lazima upunguzwe taratibu, 5 katikati na 3.5 omoni. Asiyefanya hesabu hii hubandika mbao nzima nzima, na zikifika mbele zinaanza kupandana kama watu kwenye mlango wa daladala. Tezini mara nyingi ni kinyume, nafasi inazidi, na hapo unachomeka kipande chenye ncha ndefu kati ya mbao mbili. Bandika ubao mmoja kushoto, mmoja kulia, kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mbao zitauvuta mkuku na kuupinda.

Kupinda: loweka ubao kwenye maji ya moto dakika 20 au 30, uzungushe kwenye kopo au chupa yenye mkunjo unaokaribiana na wa meli, ufunge kwa kamba, uuache ukauke. Ukauke hasa. Mbao iliyolowa huwa imevimba, na ukiibandika hivyo itanywea ikikauka, uachiwe mianya.

Nilipomaliza mbao za Bluenose nilimpigia baba simu ya video. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Kigeuze, nione tezi." Nikakigeuza. Akanyamaza kidogo, akasema nisogeze taa. Akanionyesha mahali, mbao mbili juu ya mkuku, karibu na fashini, ule mti wima wa tezini, ambapo nilijaza puti na kusugua mpaka mimi mwenyewe nilikuwa nimepasahau. "Hapa hazikufika." Kweli hazikufika. Niliuondoa ule ubao usiku ule kwa kuilainisha gundi na maji, nikakata mwingine. Puti ina kazi yake kwenye seti zenye mbao tabaka mbili, kwa sababu tabaka la kwanza litafunikwa. Kwenye tabaka la juu, kama hutapaka rangi, puti itaonekana siku utakapopaka vanishi, doa jeupe lisilofanana na mbao.

Hapo hapo niseme juu ya gundi. Kwa karibu kila kitu tumia gundi nyeupe ya mbao. Inakupa dakika kadhaa za kurekebisha, na ukikosea maji ya moto yanaifungua. Supagluu inashika upesi na inavutia, lakini ikimwagika juu ya mbao inaziba vinyweleo vyake na vanishi haiingii. Mvuke wake pia unachoma macho, fungua dirisha. Unapopiga msasa vaa barakoa, hasa kwa mbao ngumu kama wolnati, ambayo vumbi lake linawasha pua na koo.

Vyombo vya kazi si vingi. Kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, msasa wa 120, 220 na 320, kibanio chembamba cha kushikia vitu vidogo, keekee ndogo ya mkono, na vibanio vya nguo vya mbao kama thelathini. Mashine za umeme za kupinda mbao niliwahi kununua moja. Nimerudi kwenye chupa na maji ya moto.

Kwa ninyi mlioko nyumbani, seti kuagizwa kutoka nje ni gharama, ila mbao zake si siri. Binamu yangu Tanga anaokota mabaki ya msaji kwa mafundi wa samani, fundi anampasulia vipande vya milimita 2 kwa shilingi kidogo, na anaunda ngalawa na mashua kwa vipimo alivyochukua mwenyewe ufukoni. Msaji una mafuta. Ufute kwa spiriti kwanza, la sivyo gundi haishiki.

Kamba nitazipitia haraka, kwa kuwa ukifika hapo mikono yako imeshajua kusubiri. Zile zinazoshikilia mlingoti siku zote ziwe nyeusi, maana kwenye meli halisi zilipakwa lami. Zile za kuvuta, kama henza (ya kupandishia tanga) na demani (ya kulishikia tanga), ziwe za rangi ya katani. Pitisha kila uzi kwenye nta ya nyuki kabla ya kuufunga, vinyweleo vyake vilale. Kama chombo chako kina vipandio vya kamba kuelekea juu ya mlingoti, weka nyuma yake karatasi yenye mistari iliyopimwa, funga vifundo ukiifuata, na usikaze. Ukikaza, kamba za pembeni zinavutwa ndani na kubana katikati, na hakuna tena njia ya kuzifungua bila kukata.

Mwisho tengeneza sanduku la kioo, na ulitengeneze kabla hujamaliza meli. Vumbi likikaa kwenye kamba halifutiki bila kukata kitu. Usiweke kwenye dirisha lenye jua, nyuzi hupauka na gundi huachia. Bluenose yangu iko sebuleni, ukuta usiopata jua, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Na mkuku wa Victory nimeutoa chini ya kitanda mwezi uliopita. Uko kati ya mbao mbili, umebanwa, unakauka.