The xx na huzuni ya I See You

Ndugu, umeuliza kama The xx, bendi ya London, walipoteza huzuni yao walipotoa albamu ya I See You mwaka 2017. Kwangu mimi, hapana. Huzuni ipo, ila imebadilisha makazi.

Rudia albamu yao ya kwanza, ya 2009. Gitaa linadondosha noti mojamoja, besi inatembea polepole, na waimbaji wao, Romy na Oliver, wanaimba kama watu wanaonong'onezana usiku wasije wakamwamsha mtu. Ukimya wenyewe ulikuwa ala. Albamu ya pili, Coexist ya 2012, ikapunguza vitu zaidi, mpaka nikaona wamefika ukutani.

Aliyewatoa hapo ni Jamie, mwenzao anayetengeneza midundo. Mwaka 2015 alitoa albamu yake mwenyewe, In Colour, iliyojaa midundo ya klabu za London, na aliporudi kwa wenzake alirudi nayo. Ndiyo maana kwenye I See You wimbo wa Dangerous unafungua kwa matarumbeta, kitu ambacho zamani usingekitarajia kwao kabisa, na wimbo wa On Hold umechukua kipande cha sauti za wanamuziki wawili wa Marekani, Hall & Oates, kikakatwakatwa na kugeuzwa kiitikio.

Lakini nenda kwenye wimbo wa Brave for You, tafadhali. Romy anawaimbia wazazi wake waliofariki. Sauti iko mbele, haijifichi tena nyuma ya mwangwi. Hapo ndipo albamu hii iliponishika: uchungu ni uleule, ila sasa anautamka waziwazi. Isikilize kwa hedifoni, usiku, taa ikiwa imezimwa, halafu urudi uniambie.