Sakafu Inang'aa, Lakini Ndugu Yangu Anaishije?

Barua za safari hii zimetoka kwa ndugu na wahudumu wa nyumba ndogo wanamoishi watu wazima wenye ulemavu wa akili.

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 34 na anaishi na wenzake watano. Kila nikienda nakuta nyumba safi, kitanda kimetandikwa, naye kavaa vizuri. Hasemi zaidi ya maneno machache. Nitajuaje kama anatunzwa kweli? — *Dada mkubwa*

JIBU: Usafi ni jambo jema, dada, ila ndio rahisi kuliko yote kuandaliwa mgeni. Nenda asubuhi watu wanapoamka, au jioni wakiwa mezani. Sikiliza kama mhudumu anamsemesha mdogo wako, au wahudumu wanazungumza wao kwa wao huku wakimvisha shati. Tazama kama wanabisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwake.

Kisha hesabu ni mambo mangapi ameamua mwenyewe kwa saa moja. Asiyesema sana huonyeshwa vitu vyenyewe, mashati mawili kwa mfano, halafu anasubiriwa. Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi wanaposhindwa. Anaweza kuhitaji sekunde 10 au zaidi kulipokea swali na kulijibu. Mhudumu mwenye haraka analirudia kwa maneno mengine baada ya sekunde 3, na mkazi analazimika kuanza upya kulifikiria. Baadaye utaambiwa "huyu hachagui".

Omba kuuona mpango wake wa matunzo. Funika jina, usome. Kama unaweza kuwa wa mkazi mwingine yeyote, haumsaidii. "Anapenda utulivu" ni maneno matupu. "Akiziba masikio jikoni ni kelele za mashine ya kusagia, izime au toka naye nje, atarudi mwenyewe" ni maelekezo ambayo hata mgeni wa zamu anaweza kuyafuata.

Udogo wa nyumba usikudanganye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, katika ibara ya 19, unatambua haki ya mtu kuchagua anapoishi na anaoishi nao. Nyumba ya watu sita ambayo wote wanaogeshwa kwa foleni na kulazwa saa 2 usiku kwa sababu zamu inabadilishwa ni taasisi ile ile, imepunguzwa vitanda tu.

SWALI: Mkazi wetu wa miaka 46, mwenye sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo inayoambatana na ulemavu wa akili) na asiyesema, ana wiki tatu sasa anajipiga usoni na kususia chakula. Msimamizi anataka aandikiwe dawa ya kutuliza. Ni sawa? — *Mhudumu*

JIBU: Bado hamjafika huko. Mtu asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa mikono, kwa hiyo anzeni na mwili. Achunguzwe meno, masikio (nta iliyoziba ni jambo la kawaida), mkojo, kiungulia na choo.

Hili la choo tulikazie, maana linaua na linapuuzwa. Anayekwenda chooni kila siku bado anaweza kuwa amefunga choo. Kinyesi kigumu kinaziba utumbo, majimaji yanapenya pembeni, mhudumu anadhani ni kuharisha na kumpa dawa ya kuzuia, na hali inazidi. Baadhi ya dawa za kutuliza nazo hufunga choo, kwa hiyo dawa anayoitaka msimamizi inaweza kuongeza kile kile kinachomtesa mtu. Tumieni chati ya Bristol, inayopanga kinyesi katika aina 7 kwa umbo na ugumu wake. Aina ya 1 na ya 2 ni dalili ya kufunga. Tumbo likivimba na akaanza kutapika, mpelekeni hospitali wakati huo huo.

Kwa sindromu ya Down ombeni pia kipimo cha damu cha tezi ya shingo. Ugonjwa wa kusahau huwaanza mapema, mara nyingi kuanzia miaka ya arobaini, lakini msikubali jina hilo kabla ya kuangalia tezi, masikio, usingizi na sonona, ambavyo vyote vina tiba.

Wakati huo huo boresheni daftari la zamu. "Alikasirika bila sababu" halimsaidii daktari. Andikeni hivi: "Saa 7:20 mchana, mezani. Ameuma mkate upande wa kushoto, ameutema, amejipiga shavu la kushoto mara 4. Uji ameunywa wote." Maandishi hayo yanampeleka kwa daktari wa meno.

Ikiwa baada ya yote daktari ataona dawa ya kutuliza inahitajika, iandikwe ni ya nini, itapitiwa tarehe gani na nani atafuatilia madhara yake. Dawa isiyo na tarehe ya kupitiwa huwa ya maisha. Na ambaye ameshaanzishwa asikatiziwe ghafla bila daktari.

SWALI: Mama mmoja hapa kwetu hukohoa kila anapokula. Tunamlainishia chakula. Inatosha? — *Mpishi*

JIBU: Haitoshi. Kukohoa, sauti kuwa ya majimaji baada ya kumeza, na homa za kifua zinazojirudia huashiria kwamba chakula au kinywaji kinaingia njia ya hewa. Anahitaji kupimwa na mtaalamu wa umezaji, kwa sababu "laini" ya mpishi wa Jumatatu siyo ya mpishi wa Jumamosi. Kipimo cha kimataifa cha IDDSI, kinachopanga vinywaji kwa uzito na vyakula kwa ulaini, kina ngazi 0 hadi 7. Kwa mtu mzima, ngazi ya 6 ni vipande laini visivyozidi sentimita 1.5, na ya 5 ni chakula kilichosagwa chenye chembe zisizozidi milimita 4. Ngazi yake ipangwe na mtaalamu, isikisiwe jikoni.

Mnapomlisha, akae wima. Mhudumu naye aketi, macho yao yawe usawa mmoja. Akisimama, mlaji huinua kidevu, na kumeza kidevu kikiwa juu kunarahisisha chakula kuingia njia ya hewa. Kijiko kiwe kidogo, na kinachofuata kisubiri ameze. Abaki wima dakika 30 baada ya kula. Mswakini vizuri, maana bakteria za kinywani zikishuka na mate hadi mapafuni huleta nimonia.

SWALI: Kaka yangu ana kifafa na anataka kuoga peke yake. Wahudumu wanakataa. Nani yuko sahihi? — *Ndugu*

JIBU: Kaka yako ana haki ya faragha, na wahudumu wana haki ya kuogopa. Aoge kwa bomba la mvua akiwa ameketi. Asiingie kwenye beseni kubwa lililojaa maji. Mlango ufungukie nje, usifungwe kwa komeo, na mhudumu akae nje yake akiwa na saa. Degedege likizidi dakika 5, au likifuatwa na jingine kabla hajazinduka, waite gari la wagonjwa, isipokuwa mpango wake wa kifafa unaelekeza dawa ya dharura mapema zaidi. Simu yenye namba hiyo iwe mfukoni mwa mhudumu, isiachwe ofisini.