Anahesabu mbuzi bila kukosea, Hisabati anapata 8

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la nne. Tangu Julai wanafanya jaribio kila Jumamosi, tunachangia shilingi 500 za karatasi. Hisabati hajawahi kuvuka 8 kati ya 50. Lakini huyu huyu ndiye anayehesabu mbuzi wakirudi jioni, na mnadani nikikosea chenji ananisahihisha. Tumeambiwa akishindwa Upimaji wa Kitaifa atakariri darasa. Mama yake anataka aende Dodoma mjini kwa shangazi yake, akasome tuisheni. Nimpeleke?
Baba wa watoto wanne, Bahi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpeleke kwanza. Nisikilize.

Nilifundisha darasa la nne miaka mingi huko Chamwino, na mtoto kama wako nilikuwa naye. Siku moja niliwapa swali hili: "Mfugaji alikuwa na mbuzi 64. Aliuza robo yao. Tafuta idadi ya mbuzi waliosalia." Akaandika 16. Nikampiga mkasi mwekundu, ile alama ya kosa, nikaendelea na daftari la mwenzake. Jioni nikamkuta njiani na mifugo ya baba yake, nikamuuliza kwa Kigogo: ukiwa na mbuzi 64, ukauza robo, zizini wamebaki wangapi? Hakumaliza hatua mbili, akajibu 48.

Robo aliijua, kwa sababu dukani hutumwa robo ya sukari. Kilichomwangusha ni "idadi" na "waliosalia". Kwao hakuna anayesema hivyo. Ule mkasi wangu unaniuma mpaka leo, maana nilikuwa nimempima Kiswahili nikamwandikia kwamba hajui Hisabati.

Nina hofu mwanao yuko hapo hapo. Karatasi ya Upimaji anaisoma mwenyewe, hakuna wa kumsomea wala kumfafanulia. Asiyesoma kwa kuelewa huanguka Sayansi, huanguka Jiografia, huanguka kote, hata yale anayoyajua. Na jaribio la kila Jumamosi halimtibu. Linamwambia tena na tena kwamba ana 8. Kama karatasi zile hazirudishwi na kusahihishwa pamoja na watoto, swali kwa swali, mna haki ya kuuliza kwenye kikao cha wazazi hizo 500 zinanunua nini. Ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni.

Sisemi Upimaji ni mbaya. Baraza la Mitihani lipo tangu 1973, na kipimo cha darasa la nne kikitumika vizuri kinamwonyesha mwalimu nani ameachwa nyuma wakati bado kuna muda kabla ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Huko mbele kuna kidato cha pili, na pale karibu masomo yote yanaulizwa kwa Kiingereza. Mtoto ambaye hajazoea kuvunja swali la Kiswahili vipande vipande atakwama vibaya zaidi. Ndiyo maana nakusihi tushughulike na kusoma sasa.

Kuhusu mjini: tuisheni nyingi nilizoziona ni kukopi maswali ubaoni. Halafu mtoto wa miaka kumi atakuwa mbali nawe miezi hii hii anayokuhitaji. Abaki. Mbuzi wa jioni nao wasimle muda wote, mpunguzie. Na mvua zikikaribia, mkienda kuberega shamba, msimtoe shuleni hata siku moja.

Leo jioni, kabla giza halijaingia, fungua naye karatasi ya Jumamosi iliyopita. Asome swali la kwanza kwa sauti, kisha akueleze kwa Kigogo linataka nini. Hata kama wewe mwenyewe husomi sana, utasikia anapokwama. Kila neno linalomkwamisha aliandike nyuma ya daftari. Maswali matatu kwa jioni yanatosha. Jumatatu mpeleke na hilo daftari kwa mwalimu wake, umwombe ayatumie maneno hayo darasani. Kisha niandikie, unitajie maneno yenyewe.