Mjamzito, Zijue Namba Zako za Presha

Ukiwa mjamzito, usitoke kliniki kabla hujajua presha yako imesoma ngapi. Usitosheke na kuambiwa iko sawa. Uliza namba zote mbili, ya juu na ya chini, na uhakikishe zimeandikwa kwenye kadi. Nilipopata pre-eklampsia, yaani ugonjwa wa presha ya kupanda unaoletwa na mimba, katika mimba ya kwanza sikuwa naumwa popote. Nilikuwa nakula na kulala vizuri tu. Kilichomshtua muuguzi ni kadi: mara iliyotangulia 110/70, siku hiyo 150/100, na mkojo una protini.

Hali hii kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20. Huhusishwa na kondo la nyuma lisilopata damu ya kutosha. Presha ya mama inapanda, figo na ini vinaweza kudhurika, na mtoto akadumaa tumboni. Kuanzia 140/90 daktari lazima akufuatilie. Ikifika 160/110 ni dharura, hata kama bado unacheka na kupiga soga. Ikiachwa inaweza kuleta degedege, ndicho kifafa cha mimba. Si mashetani wala jicho la mtu. Mgonjwa huyo anahitaji sindano ya magnesiamu salfeti, si mganga.

Dalili zangu zilikuja baadaye. Kichwa kiliuma na dawa ya maumivu haikufua dafu. Kisha nikawa nasoma ujumbe kwenye simu, maneno ya katikati yakapotea, pakabaki vimulimuli vinavyochezacheza. Hapo hakuna kungoja kesho. Wengine huumwa chini ya mbavu upande wa kulia au kwenye chembe ya moyo, wakadhani ni kiungulia. Na kuvimba? Miguu huwavimba wengi jioni, ndiyo maana kila shangazi atakuambia ni kawaida ya mimba. Lakini ukiamka uso umeumuka, au pete imekaba kidole ghafla, nenda ukapimwe.

Kama una mashine ya presha nyumbani, kojoa kwanza, kaa kimya dakika 5, egemeza mgongo, usipandishe mguu juu ya mwingine, na mkono uwe usawa wa moyo. Andika kila kipimo. Mtoto akipunguza kucheza, usikae nyumbani ukisubiri.

Kuhusu chumvi, watu wataiondoa yote mezani kwako, lakini kujinyima chumvi hakujathibitika kuzuia ugonjwa huu. Kinachosaidia baadhi yetu ni aspirini ya dozi ndogo, inayoanzwa mapema, mara nyingi baada ya wiki ya 12, kwa maelekezo ya daktari. Mimi niliipewa katika mimba ya pili kwa sababu nilishaugua. Wenye kisukari, presha ya zamani, ugonjwa wa figo au mimba ya mapacha nao waulizie.

Kujifungua ndiko kunakoumaliza ugonjwa, ila si papo hapo. Ugonjwa unaweza hata kuanza baada ya mtoto kuzaliwa, hadi wiki 6, wakati macho ya wote yako kwa mtoto. Kwa hiyo mume, mama au yeyote unayeishi naye azijue dalili hizi. Ukianza degedege hutaweza kujieleza: akulaze ubavu wa kushoto, asikutie kijiko mdomoni, akuwahishe hospitali na ile kadi mkononi.