Kulala na gari ufukweni: anzeni na wenyeji

Ndugu, umeuliza kama mnaweza kulala na gari lenu la safari ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Igombe au Kayenze kule Mwanza, bila kulipia, na mkiwakuta wasafiri wengine mfanyeje. Kwa wasafiri wenzenu ni rahisi: salimieni, ulizeni kabla ya kuegesha, msiwazibie njia, na jenereta izimwe mapema.

Jambo zito ni wenyeji. Fikeni mchana, onaneni na mwenyekiti wa mtaa. Mchanga mnaouona mtupu huenda ndipo akina mama wanapoanika dagaa. Tairi likipita hapo mmekanyaga riziki ya mtu. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao, hurudi alfajiri, hivyo mitumbwi iachiwe nafasi. Choo cha gari na maji ya sabuni msimwage ziwani hata kidogo, jamani, watu wanachota hapo maji ya kupikia! Tena Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Viboko nao hupanda usiku kula majani, msilale karibu na nyasi. Samaki nunueni hapo hapo mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki.