Mzee wa mbio za magari akifariki, msikimbilie kusafisha gereji

Naandika hii kwa wale wenye mzee kwenye familia ambaye ujana wake wote uliishia kwenye magari, awe fundi, awe dereva wa mashindano, awe yule aliyekuwa anabeba spana tu na kushangilia, na sasa mzee hayupo au umri umeenda na nyie hamjui muanzie wapi kumkumbuka. Mi nimepitia hilo kwa baba mkwe wangu. Alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa kusini mwa California, mmoja wa vijana wa mwanzo kabisa kwenye mbio za dragi, zile za magari mawili yanasimama sambamba kwenye barabara iliyonyooka, yanachomoka pamoja, wa kwanza kumaliza robo maili kashinda, hakuna kona wala mzunguko. Robo maili ni kama mita 402 hivi. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu hujaona kitu.

Mi ni mtu wa Tanga na kwetu mkwe humwiti jina. Yeye alitaka nimwite jina lake kavu kama rafiki yake, nikashindwa, nikamwita Baba tangu siku ya kwanza mpaka anaingia kaburini, mwanzoni alikuwa anacheka baadae akawa anaitika kabisa. Nadhani ndo maana alikuwa ananipa stori ambazo wanae hawakuzisikia, maana wao walishazichoka zamani na mimi kila kitu kilikuwa kigeni kwangu.

Sasa alipofariki, familia ikaandika wasifu wa kusomwa kanisani. Ukurasa mzima. Kazi aliyofanya, watoto, wajukuu, kanisa, mbwa, halafu kwenye magari ikaandikwa "alipenda magari". Basi. Mtu aliyekuwepo Santa Ana mwaka 1950 anaandikiwa alipenda magari, hata mimi napenda magari jamani!

Kwa msiojua, Santa Ana ndo pale ambapo jamaa mmoja anaitwa C.J. Hart na wenzake walipata ruhusa ya kutumia lami ya uwanja mdogo wa ndege wa Orange County, Julai 1950, wakaweka mbio za kulipia kiingilio kila wikiendi. Kabla ya hapo vijana walikuwa wanakimbizana mabarabarani usiku na polisi wanawakimbiza wao, au wanaenda mbali huko jangwani kwenye maziwa yaliyokauka maji kama Muroc na El Mirage. Vita vya Pili vilikuwa vimeisha, vijana wamerudi na ufundi wa jeshini, Ford za zamani zimejaa na ni za bei chee, unategemea nini. Mwaka uliofuata, 1951, Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA kuweka sheria na usalama, na chama hicho mpaka leo ndo kinaongoza huo mchezo. Ule uwanja wa ndege nao upo, sa hivi unaitwa John Wayne, na mi ndo nilikuwa nashukia pale kila nikienda ukweni. Baba akija kunipokea lazima aoneshe kwa kidole nje ya dirisha la gari aseme hapa nilivunja gia boksi. Kila safari.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, wasifu wa mtu wa aina hii msiuandike familia peke yenu. Tafuteni hata mmoja tu aliyekuwa nae kiwanjani, mpigieni simu kabla ya mazishi, mwulizeni mambo matatu manne. Familia inamjua baba, haimjui dereva.

Halafu gereji. Shemeji zangu walikuwa wameshaagiza lori la taka, na siwalaumu, nyumba ilitakiwa iuzwe na gereji ya mzee ilijaa mpaka mlango haufungi, makopo ya kahawa yaliyojaa nati na boliti, kabureta zimefungwa kwenye magazeti, mikanda, gasketi, mabati. Nikawaomba wasubiri. Ukweni huwa sina sauti kubwa lakini hapo nilikomaa. Ukikuta hali kama hiyo fanya hivi, usiguse kitu kwanza, chukua simu piga picha ukuta mmoja mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, halafu kila droo ikiwa imefunguliwa, halafu chini ya meza. Sababu ni kwamba kitu kilipowekwa kinakwambia jambo, ukishakihamisha kwenye boksi kimekuwa chuma tu. Mfano kulikuwa na pistoni moja ina tundu katikati, mzee alikuwa anawekea kalamu. Mtu wa kawaida anatupa. Lakini ilikuwa imekaa jirani na helmeti yake, na kwa ndani amechonga kwa msumari jina la kiwanja na mwezi. Pistoni inatoboka hivyo mafuta ya kuchoma yakiwa machache mno kwa hewa inayoingia, hasa ukiwa unachoma nitro, yale mafuta makali ya mbio, moto unakuwa mkali unayeyusha chuma chenyewe. Kwa maneno mengine hiyo ni siku aliyopoteza injini, na aliitunza maisha yake yote.

Angalieni pia nyuma ya kalenda, ndani ya vitabu vya ufundi, kwenye mifuko ya majaketi. Kule wanakupa kikaratasi kidogo ukimaliza kukimbia, kina muda wako na spidi yako, na wazee walikuwa wanavichomeka popote. Vile vya zamani vya kuandikwa kwa mkono vinadumu, ila vya miaka ya karibuni vinavyotoka kwenye mashine vinafutika vyenyewe kama risiti za supamaketi, hivyo skani haraka.

Picha sasa. Tulikuta boksi zima na nyuma hazijaandikwa chochote, na hapa ndo watu wengi wanakata tamaa. Usikate. Picha ya mbio inajitaja yenyewe mwaka wake ukijua pa kutazama, na usitazame gari la mbele, tazama nyuma. Ukiona mtu amesimama kati ya magari ameshika bendera, mara nyingi hiyo ni kabla ya 1963, maana mwaka huo ndo zilianza zile taa za kuanzishia mbio za kwenye nguzo ambazo wenyewe wanaziita mti wa Krismasi. Ukiona magari ya watazamaji kwa nyuma angalia pleti namba, California walitumia pleti ya njano yenye maandishi meusi kuanzia 1956, mwaka 1963 wakageuza ikawa nyeusi yenye maandishi ya njano. Boneti ikiwa wazi angalia injini, kama ni ile V8 ndogo ya Chevrolet basi picha haiwezi kuwa kabla ya 1955, kama ni Ford V8 ya vichwa bapa inaweza kuwa wakati wowote ule maana hiyo ilitoka 1932 na vijana waliing'ang'ania miaka na miaka. Viwanja navyo vinasaidia, Santa Ana ilikufa 1959, Lions pale jirani na Long Beach ilifunguliwa 1955 ikafungwa Desemba 1972 kwa sababu majirani walichoka na kelele, kwa hiyo ukiona bango la Lions tayari umeshabana miaka.

Na kwenye vile vigari virefu vyembamba, ukiona dereva kakaa nyuma ya injini, kainamia karibu na tairi za nyuma, hiyo mara nyingi ni ya kabla ya miaka ya 70. Don Garlits, dereva wa Florida ambaye hata asiyejua mbio kule anamjua, Machi 1970 akiwa palepale Lions gia boksi ililipuka katikati ya miguu yake ikamkata sehemu ya mguu wa kulia. Akalala hospitali anachora gari jipya, 1971 akarudi na injini ikiwa nyuma ya dereva, akaanza kushinda nayo na wengine wote wakafuata. Baba alikuwa anasema ajali ile ndo iliyomfanya mama mkwe amwambie sasa basi, chagua.

Kingine ukiona maandishi meupe kwenye vioo, hiyo ni kiwi ya viatu, kiwi nyeupe. Ndo walikuwa wanaandikia namba ya gari na herufi za daraja lake. Usidhani ni uchafu wa picha, zile herufi ndo zinakwambia alishindana na nani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nalipenda kuliko yote. Nilipendekeza tufanye arobaini. Wakwe hawajui arobaini ni nini, nikawaeleza kwetu siku ya arobaini watu wanakusanyika tena, mnakula, mnamwombea marehemu, mnamzungumza. Mama mkwe akakubali kwa sharti moja, ifanyike gerejini sio sebuleni. Tukawaita wazee wenzie. Wakaja, wengine na fimbo, wengine na mashine ya oksijeni, mmoja kaletwa na mjukuu wake kutoka mbali kweli, tukaweka viti vya plastiki katikati ya mavyuma na mimi nikapika pilau. Nawaambia kanisani hao wazee walikuwa wamekaa kimya, lakini pale gerejini walivyoshika zile spana mikononi wakafunguka, wakawa wanabishana nani aliuza injini kwa nani mwaka gani. Kama unataka kumbukumbu za mtu wa kazi ya mikono, wakusanye wenzie palipo na vitu vyake.

Maswali nayo yana ufundi wake. Usiulize "alikuwa mtu wa namna gani", utajibiwa alikuwa mtu mzuri na mazungumzo yameisha hapohapo. Uliza nani alikuwa anaendesha gari la kuvuta trela, mlikuwa mnakula nini, hela ya tairi ilitoka wapi, nani alikuwa anaogopa. Na kama mzee wako bado yupo hai, jua kwamba hawa watu wengi masikio yamekufa, injini zile hazikuwa na mufla na enzi hizo nani alivaa vizibo. Baba simu alikuwa haisikii kabisa na kwenye watu wengi alikuwa anaitikia tu kwa kichwa. Mi nilikuwa namwandikia swali kwenye karatasi kwa herufi kubwa, namsogezea na chai, halafu nawasha rekoda ya simu nanyamaza. Anaweza kukaa kimya muda mrefu halafu akaanza kuongea na hamalizi leo.

Tukiwa kwenye hiyo arobaini ndo ikaibuka ishu ya Bakersfield. Pale nyumbani kulikuwa na stori kwamba mzee alimshinda Garlits mwaka 1959. Watoto wamekua nayo, wajukuu wameipeleka shuleni. Na ni kweli Machi 1959 Garlits alitoka Florida akaja California kwa mara ya kwanza, kwenye mashindano makubwa pale Famoso nje ya Bakersfield, umati ukafurika, na aliyebeba ushindi wa jumla alikuwa dereva mwingine, Art Chrisman. Shemeji mmoja akaitoa hiyo stori kwa majivuno mbele ya wazee. Kimya. Halafu mzee mmoja akasema kwa upole, alikuwepo, lakini alikuwa anaendesha pikapu ya kusukuma. Yale magari hayakuwa na stata, ilibidi yasukumwe na gari jingine kwa nyuma mpaka injini ikamate, na sio kazi ya kumpa mtu yeyote, ukisukuma vibaya unaliharibu gari la mwenzio kabla hajakimbia. Alisukuma siku nzima kwenye lile vumbi na ule moshi wa nitro unaochoma macho, akilisukuma gari la rafiki yake kwa sababu lake lilikuwa limekufa.

Mama mkwe akacheka mpaka akajifuta machozi, kumbe alikuwa anajua siku zote.

Shemeji yangu alikasirika kidogo na mi nikamwelewa, lakini nashauri ukikutana na kitu kama hiki uandike ule ukweli. Stori ya kumshinda bingwa kila familia ya kule wanayo. Ya pikapu ilikuwa ya kwake yeye, na kila mzee aliyekuwa pale alikuwa na la kuongezea juu yake, rangi ya pikapu, bampa lililofungwa mbao na matairi chakavu ili lisikwangue, nani alikalia mlango. Ile ya Garlits hakuna aliyekuwa na la kuongeza.

Kuhusu gari lenyewe, msihangaike sana. Watu wananiuliza mlilipata? Hapana. Enzi hizo gari la mbio halikuwa kitu cha kutunza, injini inauzwa ili kulipia injini nyingine, chesisi inakatwa, bodi anapewa dogo wa jirani. Mtu akikwambia analo gari la baba yako na anataka hela nyingi, mwombe picha ya maungio ya chesisi ulinganishe na picha zenu za zamani, welding ya mtu ni kama mwandiko wake. Bila hivyo funga mkoba.

Mkitaka kupeleka vitu makumbusho, yapo, ya NHRA yenye jina la Wally Parks pale Pomona yaliyofunguliwa 1998, na ya Garlits mwenyewe kule Ocala, Florida, yapo tangu 1984. Ila msibebe maboksi mkatokea mlangoni. Andikeni barua kwanza, ambatisheni picha, na kwa kila kitu muandike karatasi moja, ni cha nani, kilitumika wapi, mmejuaje. Helmeti bila karatasi ni helmeti kuukuu na wanazo nyingi. Sisi tulitoa vile vikaratasi vya muda na picha zilizopata miaka, orijino, tukabaki na nakala kwenye flashi tatu, moja ya mama mkwe, moja yetu, moja nimeipeleka Tanga kwa dada yangu ambaye hajui hata kuendesha gari. Helmeti mama mkwe kakataa kuitoa. Tulboksi kachukua yule shemeji aliyekasirika, na juzi kaniambia ameanza kutafuta pikapu ya miaka ile.